Kabla ya Kununua Nyumba ya Kupangisha
Akina mama kadhaa wametuuliza juu ya kununua nyumba ya kupangisha kwa fedha za mirathi. Ijara ni halali, na zaka haitolewi juu ya thamani ya nyumba, bali asilimia 2.5 ya kodi iliyowekwa ikafika nisabu na kutimiza mwaka. Hilo ni jepesi.

Linalotutia hofu ni ardhi. Mombasa kwetu, hasa Majengo, ziko nyingi nyumba bila ardhi: kuta na paa ni za mmoja, kiwanja ni cha mwingine, naye hulipwa kodi ya kiwanja. Muuzaji hukuonyesha vyumba sita na wapangaji wake; la kiwanja, mpaka aulizwe. Mwenye ardhi akiamua kukiuza, mwenye nyumba aweza kubaki na mabati na boriti.

Basi, dada yetu, kabla ya kutoa hata arubuni, mtume wakili ofisi ya ardhi akatazame hati ina jina la nani. Ikiwa ni nyumba bila ardhi, dai stakabadhi za kodi ya kiwanja, na umwone mwenye ardhi mwenyewe, makubaliano yaandikwe mbele ya mashahidi. Ikiwamo mali ya mayatima, twaona tahadhari hiyo ni wajibu. Muuzaji akikuhimiza kwamba mnunuzi mwingine yu njiani, mwache amuuzie huyo.