Majungu Hayapikwi Pasipo Mlaji

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, katika maofisi ya Mbinga mjini, na kule Mbamba Bay katika Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, siku ya kazi huanza kwa shikamoo na habari za nyumbani. Ni adabu njema. Lakini familia hutuletea malalamiko ya namna nyingine. Hakuna anayetukana wala kupaza sauti, bali jina la mtu hukosekana katika orodha ya semina, taarifa ya kikao humfikia kikao kikiisha, kosa la wengi huandikiwa barua yeye peke yake, na amwitaye "ndugu yangu" mchana ndiye aliyemchongea kwa mkuu asubuhi.

Mkulima wa Kimatengo alimapo ngoro hulaza nyasi kwa miraba, akazifukia kwa udongo auchimbao katikati, na mashimo yanayobaki hushika maji ya mvua yasiuporomoshe mlima. Nyasi zilizofukiwa shambani huoza zikawa mbolea. Kinyongo kilichofukiwa moyoni huoza kikawa sumu.

Suratul Hujurat imekataza dharau, majina ya kejeli, dhana mbaya, upelelezi na kusengenyana. Tuzingatie kwamba yote hayo mtu aweza kuyatenda huku akitabasamu. Kwa hiyo upole wa maneno si ushahidi wa uadilifu.

Wazazi wengi humwambia kijana, "Vumilia mwanangu, kazi hazipatikani." Kauli hiyo ina huruma, kwani mshahara ule ndio ada ya wadogo zake. Lakini subira ni kuizuia nafsi isitende uovu. Si kumkabidhi dhalimu haki yako. Wengine huogopa kwamba kusema ni kusengenya. Imam Nawawi, katika Riyadhus Salihin, ametaja hali sita ambazo kumtaja mtu kwa ubaya wake kunaruhusiwa, na ya kwanza ni ya aliyedhulumiwa kumshitakia mwenye mamlaka ya kumpatia haki.

Basi afanyeje? Kwanza, amkabili mhusika faraghani, ataje kitendo na siku yake, asitaje tabia ya mtu. Pili, aandike. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika madeni na kushuhudisha. Mwenye kumbukumbu za tarehe na barua hatetei haki yake kwa machozi tu. Tatu, aijue sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inahesabu kuwa ni ubaguzi kumnyanyasa mfanyakazi kwa misingi kama dini, kabila au jinsia. Tena, mfanyakazi akijiuzulu kwa sababu mwajiri ameifanya kazi isivumilike, sheria hiyo huweza kumhesabu kuwa ameachishwa. Mgogoro wa kuachishwa hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Anayetupa barua ya kuacha kazi kwa hasira, kisha akakaa kimya nyumbani miezi miwili, huenda akaipoteza haki aliyokuwa nayo. Mtumishi wa umma naye ana ngazi zake za rufaa, azifuate.

Enyi wake na waume, mwenzenu arudipo kazini amenuna, msikilizeni kabla ya kumlaumu. Naye aliyeonewa ofisini asije akalipiza kwa watoto.

Nanyi wakuu wa kazi, majungu hayapikwi pasipo mlaji. Mkuu anayeletewa habari ya mtu, akamwita mhusika na mletaji wakakaa mbele yake pamoja, amelizima jiko hilo. Anayeipokea kwa siri na kuifanyia kazi ni mshirika wa dhulma, hata akiitikia salamu kwa upole kiasi gani.

Mwenyezi Mungu atutakase ndimi na nyoyo zetu. Wabillahi tawfiq.