Asiyepima Hupimiwa

Wako ndugu zetu wasemao ya kuwa elimu ya kiini cha atomu ni anasa ya mataifa makubwa, wala haimhusu mkulima wa mihogo na korosho wa Mbwawa. Husema: tupeni kwanza maji, zahanati na barabara, mambo ya atomu waachieni wenyewe. Maneno haya yana sura ya hekima, ndiyo sababu yafaa yajibiwe. Mimi nasema ni maneno ya hatari. Taifa lisilojipimia mambo yake litapimiwa na wengine, na mwenye mizani ndiye mwenye kauli.

Wazee wetu walilijua jambo hili zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma walilalamika kwamba wanunuzi wanawapunja kwenye mizani. Hawakukaa wakilia. Chini ya uongozi wa watu kama Paul Bomani waliunda vyama vyao, wakaweka wapimaji wao wenyewe, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Madai makubwa ya haki yalianza na swali dogo: je, gunia hili lina uzito gani kwa kweli?

Leo nataka niwaeleze wasomaji habari za mtu aliyeishi maisha yake yote kwa swali la namna hiyo, ila yeye alipima kitu kidogo kisichoonekana kwa jicho. Mtu huyo ni mama wa Kichina, jina lake Chien-Shiung Wu. Alizaliwa mwaka 1912 katika mji mdogo wa Liuhe, karibu na Shanghai, wakati ambapo wasichana wengi wa huko hawakupelekwa shule. Baba yake alikuwa mpenda maendeleo. Alifungua shule ya wasichana, na binti yake akasoma humo. Baadaye binti alisoma fizikia Nanjing, na mwaka 1936 akapanda meli kwenda Marekani. Mwaka uliofuata Wajapani waliivamia nchi yake kwa vita kamili. Wazazi wake hakuwaona tena mpaka walipokufa.

Mwaka 1940 alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Sifa zake zilijulikana, lakini alikuwa mwanamke, tena mtu wa Asia, na chuo kile hakikumpa kazi ya kudumu. Alifundisha kwingine, kisha mwaka 1944 akaingia Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Hapo ndipo alipofanya kazi iliyompa jina.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ziko atomu ambazo viini vyake hurusha chembe ndogo ziitwazo elektroni. Hiyo ndiyo mionzi ya beta. Mwaka 1934 Mwitalia Enrico Fermi alitoa nadharia ya kueleza elektroni hizo zinatoka vipi na kwa nguvu kiasi gani. Wataalamu walipima, na vipimo havikukubaliana na nadharia: elektroni za mwendo mdogo zilionekana kuwa nyingi mno. Wengine wakaanza kusema Fermi amekosa.

Mama Wu hakukimbilia kumhukumu Fermi. Alitazama kwanza jinsi watu walivyopima. Akaona kwamba madini waliyotumia yamepakwa kwa unene, tena hayakulingana: huku mazito, huku mepesi. Elektroni iliyotoka chini ilipunguzwa nguvu kabla haijafika nje, kama mtu anayejipenyeza katikati ya umati wa sokoni. Basi yeye akatengeneza utando mwembamba sana, ulio sawasawa kila mahali, akapima upya. Nadharia ya Fermi ikasimama. Kumbe kosa lilikuwa katika mizani!

Mwaka 1956 vijana wawili wa Kichina waliokuwa Marekani, Tsung-Dao Lee na Chen-Ning Yang, waliuliza swali la ajabu. Wataalamu wote waliamini kwamba maumbile hayapendelei kushoto wala kulia. Jambo lionekanalo katika kioo laweza vilevile kutokea nje ya kioo. Lee na Yang wakasema: katika mionzi ya beta, hilo halijapimwa na mtu yeyote. Wu na mumewe walikuwa wamekwisha panga safari ya kurudi kuitazama Asia baada ya miaka 20. Mume alisafiri peke yake. Mama akabaki na kazi.

Alitumia kobalti 60. Viini vya kobalti huzunguka kama pia achezayo mtoto, na ilitakiwa pia zote zielekezwe upande mmoja. Joto kidogo tu lingezivuruga. Kwa hiyo akaungana na mabingwa wa baridi wa Ofisi ya Taifa ya Vipimo huko Washington, wakaipoza kobalti mpaka ikabaki kama sehemu moja ya mia ya digrii kufikia kikomo cha baridi yote. Elektroni nyingi zaidi zikatoka upande mmoja kuliko wa pili. Mwezi Januari 1957 ulimwengu ukaambiwa: maumbile yanatofautisha kushoto na kulia. Mwaka huohuo Lee na Yang wakapewa Tuzo ya Nobel. Mama aliyepima hakutajwa katika tuzo hiyo.

Hata hivyo hakuacha kazi. Mwaka 1958 akawa profesa kamili Columbia. Mwaka 1975 akawa mwanamke wa kwanza kukiongoza Chama cha Fizikia cha Marekani. Mwaka 1978 akapewa Tuzo ya Wolf. Alifariki mwaka 1997, na majivu yake yakazikwa katika uwanja wa shule ile ya baba yake kule Liuhe.

Sasa tusiufiche upande mchungu, maana unatugusa sisi. Wakati wa vita Mama Wu alikuwa mmoja wa wataalamu wa mradi wa bomu la atomu. Kazi yake ilihusu vyombo vya kupimia mionzi na njia ya kuchambua urani. Urani hiyo ilitoka wapi? Sehemu kubwa ilitoka Shinkolobwe, katika Katanga ya Kongo, nchi ya watu wasemao Kiswahili kama sisi. Mwaka 1940 zaidi ya tani 1,000 za madini hayo zilipelekwa New York. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu likaanguka Hiroshima. Tazameni ncha mbili za mnyororo mmoja: Mwafrika alichimba, mwingine akapima, na aliyepima ndiye aliyejua kilichomo ndani ya jiwe. Aliyechimba hakuambiwa hata jiwe linakwenda kufanya nini.

Tanzania nayo ina urani. Iko Mto Mkuju, wilaya ya Namtumbo, na mwaka 2012 mpaka wa Pori la Selous ulibadilishwa kwa ajili ya mradi huo. Nani atakayesema maji ya mto yako salama au si salama? Nani atakayesema mchimbaji amepata mionzi kiasi gani? Tunayo Tume ya Nguvu za Atomiki, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na kabla yake tulikuwa na Tume ya Mionzi ya mwaka 1983. Lakini tume haipimi kwa jina lake. Hupima kwa watu, na watu hao hawaoti kama uyoga.

Na wale wasemao zahanati kwanza, nawauliza: mgonjwa wa saratani akitoka Kibaha apelekwa wapi? Apelekwa Ocean Road, Dar es Salaam, ambako kwa miaka mingi wagonjwa wametibiwa kwa mionzi ya kobalti 60, ileile ya Mama Wu. Mionzi ikipungua, ugonjwa hubaki. Ikizidi, huunguza nyama nzima. Kati ya kupona na kuungua pana kipimo tu. Basi mwenye kutaka hospitali ametaka na wapimaji, ajue asijue.

Wala tusiseme vichwa vya kwetu haviwezi. Mwaka 1963 kijana Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Lushoto, aliona maziwa ya moto yakiganda kabla ya yaliyopoa. Alipouliza, alichekwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, naye hakucheka, alipima. Mwaka 1969 wakaandika pamoja, na jina la Mpemba likaenea duniani. Mwaka 2016 wataalamu wawili wa Uingereza walilipinga jambo hilo, wakionyesha kwamba kusogeza kipimajoto kwa sentimita 1 tu kwaweza kugeuza jibu. Ubishi wote ni wa mahali pa kuweka kipimajoto! Mtoto wa Lushoto aliuanzisha. Kwa nini asimalize mtoto wa Mbwawa?

Sababu tunaijua. Mwaka 2012 Rais Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, za fizikia, kemia na baiolojia. Wananchi walichanga, kuta zikasimama. Lakini chumba si maabara, kama vile banda si ng'ombe. Mwanafunzi anayeona mizani katika picha ya kitabu tu, akakariri jibu la jaribio ambalo mikono yake haikuligusa, huyo hatufunzi kupima. Twamfundisha kuamini vipimo vya wengine, na hiyo ndiyo tabia tuliyotaka kuiacha.

Kwa hiyo, ndugu zangu, nina mambo matatu. Kwanza, katika mkutano wa mtaa tusiulize tena, "Maabara imekwisha?" Tuulize, "Vipimajoto ni vingapi, mizani ni ngapi, na wiki iliyopita mwanafunzi gani alivishika?" Majibu yaandikwe, na mkutano ujao yasomwe. Pili, mzazi asimwambie binti yake kwamba fizikia ni ya wavulana; baba wa Liuhe hakusema hivyo. Tatu, walimu wa sayansi wapewe vifaa kabla ya kulaumiwa kwa matokeo.

Mambo haya hayangoji fedha za kigeni. Mizani ya duka, saa, rula na maji ya moto vyatosha kuanzia kesho. Mtoto apime, aandike, apime tena, na vipimo viwili visipopatana atafute sababu, wala asifute kimoja ili kumpendeza mwalimu. Wakulima wa Usukuma waliidai mizani yao. Sisi wa Mbwawa twadai mizani ya watoto wetu.