Maji Ndani ya Oili

Mwaka jana ukurasa huu ulikuwa wa kushona turubai, na baadhi ya vijana walinicheka, eti Mwalimu kastaafu kageuka fundi. Basi mwaka huu watacheka zaidi, maana nataka kuzungumza juu ya sili za mashine ya boti.

Sisi tulioko Johannesburg, zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, bahari yetu ni bwawa la Vaal. Huko ndiko tunakowapeleka watoto siku za sikukuu. Wengi hudhani kwamba kwa kuwa bwawa halina chumvi, mashine haina taabu. Chumvi kweli hakuna, lakini ipo baridi ambayo kwetu Pwani hatukuijua.

Shemeji yangu aliiweka mashine yake stoo Mei 2023 bila kutazama oili ya gia. Kumbe maji yalikwisha ingia. Usiku mmoja wa Julai yakaganda, na maji yakiganda huvimba kiasi cha asilimia 9. Asubuhi kasha la gia lilikuwa na ufa wa kupenya ukucha. Sili mbili tu ndizo zilizomponza.

Pasaka ya 2024 nikafungua yangu, ya nguvu za farasi 15. Oili ikatoka nyeupe kama chai ya maziwa. Fundi mmoja akaniambia nibadilishe oili, basi. Nikabadilisha, baada ya safari mbili, maziwa tena. Hapo nikakunja mikono ya shati.

Sili ni pete ya mpira yenye mdomo mwembamba unaoikumbatia shafti, na nyuma ya mdomo huo pana springi ndogo ya kuubana. Kwenye shafti ya rafadha mara nyingi hukaa mbili: moja inazuia maji, ya pili inashika oili. Adui yao mkubwa ni mshipi wa nailoni wa wavuvi. Nilipoivua rafadha nikaukuta umejizungusha nyuma yake, umekata mdomo wa sili kama wembe.

Kabla ya yote ng'oa waya za plagi, kwani ukizungusha rafadha kwa mkono mashine huweza kushika, na vidole haviuzwi. Mwaga oili. Kofia inayobeba sili, kwangu inashikwa na bolti mbili. Ilikataa kutoka mpaka nilipoimwagia maji ya moto na kuigonga kwa nyundo ya mti. Mashine nyingine kofia hushikwa na nati kubwa ya duara. Ikiwa imegoma, mpelekee mwenye zana zake. Huo si uoga.

Sasa kosa langu. Nilizing'oa sili kabla ya kutazama midomo yake imeelekea wapi. Mimi, niliyewaambia watoto wa watu miaka yote wasome swali kabla ya kujibu! Ikabidi nikatafute kitabu cha mashine. Nawe tazama kwanza, uchore kwenye karatasi. Namba iliyopigwa juu ya sili ndiyo utakayokwenda nayo dukani.

Pitisha ukucha juu ya shafti pale sili ilipokuwa. Ukinasa kwenye mfereji, sili mpya nayo itavuja, na shafti ndiyo ya kubadilisha. Yangu ilikuwa laini. Nikapaka grisi midomo ya sili mpya, nikazigonga polepole kwa soketi ya upana wake ili ziingie sawasawa, zisilale upande. Pete ya mpira ya kofia na washa za skrubu nazo nikaweka mpya; ni vitu vya senti.

Oili hujazwa kwa tundu la chini mpaka itokee juu bila mapovu. Funga la juu kwanza, ndipo la chini. Ukijaza kutoka juu, hewa itabaki ndani na oili itapungua bila wewe kujua.

Mwisho wa Mei, kabla ya boti kwenda stoo, nilifungua skrubu ya chini kidogo. Ikatoka oili yenye rangi yake. Shemeji naye amepata kasha la mtumba. Sili nitamfungia mimi, biriani iwe juu yake.