Nyamanza hauawi: watoto wafundishwe hata kambini

Goma, Kivu Kaskazini – Kwenye mawe ya Ziwa Kivu, pale wakaaji wanapochota maji na kufua nguo, kuna ndege mdogo anayetembea karibu na watu bila woga mwingi. Mgongo wake ni mweusi, tumbo ni jeupe, na kifuani ana mstari mweusi kama ukanda. Juu ya jicho ana alama nyeupe kama nyusi. Mkia wake ni mrefu, naye anautikisa juu na chini kila mara. Wenye kusema Kinyarwanda kule Rutshuru na Masisi wanamwita nyamanza.

Nyamanza anapenda maji, lakini anapenda pia makao ya watu. Anaonekana kwenye mabati, uwanjani mwa shule na kando ya mifereji. Haruki-ruki kama shomoro: anatembea mguu kwa mguu, kisha anakimbia ghafula na kunasa nzi ao mdudu mwingine. Asubuhi anaimba juu ya paa. Mara nyingi wanaishi wawili wawili, dume na jike. Jike hutaga mayai 3 hadi 5, wote wawili wanayaatamia karibu wiki mbili, na wote wanalisha makinda.

Ndiyo maana manati ya mtoto inaleta hasara kubwa kuliko inavyoonekana. Akiangushwa mmoja, anayebaki analisha makinda peke yake, na mengine yanaweza kufa kwa njaa.

Wapo watakaouliza: watu wamekosa chakula, je, huu ni wakati wa kuzungumzia ndege? Swali hilo ni la haki. Lakini nyamanza hafiki hata gramu 50. Nyama yake haishibishi hata mtoto mmoja. Akiwa mzima, anakula wadudu siku nzima karibu na hema. Hawezi kumaliza malaria, na chandarua kinabaki cha lazima, lakini kazi anayoifanya haiombi malipo.

Tena, wazee wa vijijini walikuwa na sheria yao. Kwa ukoo wa Abagesera, nyamanza ni ndege wa heshima, hauawi. Mtoto wa huko alikua akilijua hilo kabla ya kushika manati. Leo watoto wengi wanakulia kambini, mbali na shamba la babu na mbali na moto wa jioni ambapo mambo hayo yalisimuliwa. Kosa si lao.

Familia zilizokimbia vita ziliacha mashamba, mbuzi na nyumba. Mafundisho hayo hayakuhitaji kubebwa kichwani, na hakuna aliyeyapora. Jioni hii, baba, mama ao bibi anaweza kumwonyesha mtoto ndege yule anayetikisa mkia kando ya hema, amwambie jina lake, na amwambie pia kwamba kule nyumbani huyu hapigwi jiwe.