Kona ya mwalimu: Lugha ndogo nayo inahitaji walinzi



Juma lililopita, kiisha kikao chetu, mama mmoja alitusikilizisha sauti ambayo mdogo wake alimtumia kwa telefoni. Huyo mdogo alitoka kambini Uganda, akapelekwa Kanada na watoto wake. Alisema: «Watoto wanasoma kwa Kifaransa, na silipi kitu. Serikali ndiyo inalipa. Lakini sokoni na kazini wote wanasema Kiingereza.» Wengi wenu mliniuliza: kwa nini serikali itoe makuta mengi hivyo kwa lugha ya watu wachache? Niliahidi kujibu hapa.

Sheria ya Kanada ya mwaka 1969 iliweka lugha mbili za serikali, Kiingereza na Kifaransa. Wasemao Kifaransa wengi wako katika jimbo la Québec. Katika majimbo mengine, kama Ontario, wao ni kikundi kidogo. Kwa ajili yao, Katiba ya mwaka 1982 iliwapa wazazi raia haki ya kusomesha watoto kwa lugha yao kwa makuta ya serikali, mahali ambapo idadi ya watoto inatosha. Mwaka 1990 korti kuu ikaongeza kwamba wazazi wana haki ya kusimamia shule hizo. Leo shule hizo zinapokea hata watoto wa wageni wanaojua Kifaransa, kama wale wa mdogo wa mama yetu. Na mpango wa serikali wa miaka 2023 hadi 2028 uliwekewa zaidi ya dola miliari 4 za Kanada.

Lakini msifikiri kwamba makuta hayo yalianguka kama mvua. Mwaka 1912 Ontario ilitoa amri kwamba Kifaransa kisitumiwe kufundishia kupita miaka miwili ya kwanza ya shule. Katika mji wa Ottawa, walimu wawili, Béatrice na Diane Desloges, mtu na ndugu yake, walikataa. Mwezi wa kwanza 1916, wamama waliwarudisha darasani katika shule ya Guigues, kisha wakalinda milango. Silaha zao zilikuwa pini ndefu za kofia, makasi na vitu vya jikoni. Polisi walikuja, wamama hawakuondoka. Mwaka 1927 amri ile iliachwa.

Sasa turudi kwetu. Kifaransa, ambacho huko ni lugha ndogo, hapa ndicho kikubwa cha shule. Ndogo ni Kihunde na Kinyanga. Katiba yetu ya 2006 inataja Kiswahili kuwa moja ya lugha 4 za taifa, na inasema kwamba lugha zingine za nchi ni urithi ambao serikali inapaswa kuulinda. Ibara ya 43 inasema shule ya msingi ya serikali ni ya bure, na kazi hiyo ilianzishwa kweli mwezi wa tisa 2019. Sheria ya masomo ya 2014 nayo inakubali lugha za taifa na za mahali zitumiwe darasani. Kwa karatasi, sisi si yatima.

Lakini darasani? Nitawaambia kosa langu mwenyewe. Nilikuwa na mtoto wa mwaka wa kwanza aliyelelewa na bibi yake shambani. Nikiuliza kwa Kifaransa, kimya. Nikiuliza kwa Kiswahili, anatazama chini. Nilianza kufikiri kwamba ana akili nzito. Siku moja mwenzake alimtafsiria swali kwa Kihunde, naye akahesabu punje za maharagi mpaka 30 bila kukosea. Hakuwa mjinga. Mimi ndiye nilikuwa sijamfikia.

Kwa hiyo ninawaomba mambo matatu.

La kwanza, andikisheni kila mtoto shuleni, msichana na mvulana, hata yule aliyefika jana akikimbia vita. Makuta hufuata hesabu, na mtoto asiyeandikwa hapangiwi kitu.

La pili, ingieni katika komite ya wazazi, msiwaachie wababa peke yao. Kama mnaombwa makuta, ulizeni kwa heshima ni ya nini, na nani ameyaamua. Ninajua wako walimu wenzangu ambao hawajaingia katika orodha ya mshahara, nao wanakula nini? Jambo hilo tulizungumze waziwazi mbele ya wote. Siri ndiyo inavunja urafiki wa mwalimu na mzazi.

La tatu, bibi zetu waje darasani saa moja kila juma, wasimulie hadithi kwa Kihunde na kwa Kinyanga. Hilo halihitaji barua kutoka Kinshasa.

Wamama wa Ottawa hawakuwa na vyeo. Walisimama tu mlangoni, pamoja, siku baada ya siku. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mwenye jirani asiyejua kusoma, amsomee, kwa lugha ambayo anaielewa.