Mzigo wa Simu

Husimuliwa kwamba Mwembe Tayari, mtaa wa Mombasa ambao leo umejaa mabasi ya bara na wachuuzi wa kila namna, ulipata jina lake kwa mwembe ambao chini yake misafara ilikusanyika na kufunga mizigo kabla ya safari. Mpagazi alitwikwa ratili 60 au 70 hivi. Walikuwako mabwana waliobebesha vichwa vya watu hata anasa zao, kwa sababu moja tu: aliyefunga mzigo siye aliyeubeba. Watengenezaji wa vyombo vya kuandikia programu, msomaji wangu, wamerithi tabia ya mabwana wale.

Mwaka 2022 Kenya iliidhinisha mtaala wa kufundisha uandishi wa programu shuleni. Ni jambo jema. Lakini mwandishi wa programu hana budi kuwa na karakana: mahali pa kuandikia maagizo, mfasiri wa kuyageuza yaeleweke na mashine, na akiba ya sehemu zilizokwisha kutungwa na wengine. Karakana iitwayo Android Studio, itumiwayo kuundia programu za simu, yataka kompyuta yenye kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 8, na nafasi ya hifadhi ya kiasi hicho au zaidi. Tazama ajabu hii! Chombo cha kuundia programu za simu hakiingii katika simu.

Na simu ndiyo mashine pekee iliyomo katika nyumba nyingi. Tena si simu ya kijana. Ni ya mama. Ndani yake mna picha za arusi, sauti za jamaa walio mbali, na hesabu za biashara. Kijana akipakua karakana kubwa, bando la juma zima huisha kwa saa moja. Siku ya tatu simu hutangaza kwamba nafasi imekwisha. Kipi kifutwe, karakana au picha za bibi aliyefariki? Hapana mama atakayeuliza mara mbili. Hivyo kijana huacha kujifunza, na walimwengu husema hakuwa na kipaji.

Wako wasemao, "Anayetaka elimu hii na anunue kompyuta." Ni sawa na kumwambia mwenye njaa anunue shamba. Wengine, walio werevu zaidi, husema kazi yote na ifanywe katika mashine za mbali, simu iwe dirisha tu. Dirisha hilo hufunguka kwa bando, na bando likiisha kijana hawezi kuisoma hata kazi aliyoiandika jana kwa mkono wake mwenyewe.

Je, upungufu hauwezekani? Wawezekana, na umekwisha kufanyika. Lugha ya Lua ilitungwa mwaka 1993 katika chuo kikuu cha Rio de Janeiro, nchini Brazil. Mfasiri wake pamoja na akiba yake ya msingi huchukua takriban kilobaiti 300, yaani chini ya sehemu ya kumi ya wimbo mmoja wa kawaida uliomo katika simu yako. MicroPython, iliyoanzishwa na Damien George mwaka 2013, hutosha katika kilobaiti 256 za hifadhi na 16 za kumbukumbu. Hawa hawakufanya uganga. Walichagua. Katika karakana kubwa hufungwa majaribio ya watengenezaji wenyewe, alama za kutafutia makosa yao, vielelezo vya kila somo, na nakala za aina za mashine ambazo mwanafunzi hanazo. Hayo yakiachwa nje, na kila akiba ya ziada ikapakuliwa siku inapohitajiwa tu, mzigo hupungua sana.

Sisi wenyewe tuna ushahidi ulio karibu zaidi. M-Pesa ilipoanza mwezi wa Machi mwaka 2007, orodha yake ya huduma iliwekwa ndani ya kadi ya laini, ambayo kumbukumbu yake huhesabiwa kwa kilobaiti. Mwenye simu ya bei ndogo kabisa aliweza kutuma fedha. Lau ingalidai simu ya thamani, ingalibaki kuwa mchezo wa matajiri.

Sikatai kwamba kazi nyingine ni kubwa kwelikweli, wala kwamba kuandika maagizo kwa vidole gumba juu ya kioo kidogo ni taabu. (Nimejaribu, mabano na alama za nukta pacha huchosha kuliko hesabu yenyewe.) Lakini taabu hiyo mwanafunzi ataivumilia, mradi mlango uwe wazi.

Nanyi mnaosoma ukurasa huu, baadhi yenu mtakuwa wafungaji wa mizigo. Programu yako ya kwanza ipime katika simu ya mama kabla ya kuipeleka kwa mwalimu. Ikikataa kufunguka, usimwambie anunue nyingine, rudi ukapunguze.