Hali ya Hewa Pasipo Hewa: Tatizo la Istilahi katika Sayansi ya Anga za Juu

Mnamo Novemba 2012, Muungano wa Jiofizikia wa Marekani uliitisha mjini Addis Ababa mkutano wa kimataifa kuhusu misukosuko ya anga za juu inayosababishwa na jua, na namna misukosuko hiyo inavyotofautiana kutoka longitudo moja hadi nyingine. Mahali penyewe palikuwa na maana ya kisayansi. Ikweta ya sumaku hupita Ethiopia, na setilaiti zilikuwa zimekwisha kuonyesha kwamba ionosfera, yaani tabaka la juu la angahewa lenye chembe za umeme, huvurugika sana juu ya Afrika, ilhali vyombo vya kuipima kutoka ardhini vilikuwa haba mno barani. Majadiliano yaliendeshwa kwa Kiingereza. Swali linalowahusu wanaisimu ni hili: mambo yaliyozungumzwa pale yaitweje kwa Kiswahili?

Jambo lenyewe laelezeka. Jua hurusha bila kukoma chembe zenye chaji ya umeme, na mara kwa mara hulipuka na kutupa angani mabilioni ya tani za chembe hizo pamoja na uga sumaku wake. Zikiifikia dunia huutikisa uga sumaku wake, na mikondo ya umeme huzuka katika nyaya ndefu zilizoko ardhini. Kwa njia hiyo gridi ya Quebec, nchini Kanada, ilianguka tarehe 13 Machi 1989, na watu wapatao milioni 6 wakakosa umeme kwa muda wa saa 9 hivi. Katika nchi za tropiki athari iliyo karibu zaidi na wananchi ni nyingine. Baada ya jua kutua, ionosfera huweza kufanya mapovu yanayoyumbisha mawimbi ya setilaiti, na kipokezi cha mpima ardhi au cha nahodha kikatoa mahali pasipo sahihi au kikanyamaza kabisa. Kenya na Tanzania zimo katika ukanda huo.

Wasemaji wa Kiingereza, walipolipa jambo hili jina, waliazima neno lao la kila siku la mvua, jua na upepo. Neno hilo halina hewa ndani yake. Mfasiri wa Kiswahili, akitafuta kisawe, hukutana na “hali ya hewa”, huongeza “ya anga za juu”, na kuridhika. Matokeo yake ni jina linalokitangazia kitu kile ambacho hakina: hewa. Tafsiri imefuata umbo la lugha chanzi, lakini imeiacha maana njiani.

Yawezekana kupinga kwamba lugha haiendeshwi kwa mantiki ya namna hiyo. Redio husemwa kuwa iko “hewani”, na hakuna adhaniaye kwamba mawimbi yake yanahitaji pumzi. Kwa nini basi “hewa” isitanuliwe maana tena? Hoja hii ina uzito, na katika mazungumzo ya kawaida ingetosha. Lakini “hali ya hewa” si msemo tu. Ni istilahi ya tahadhari, yenye mamlaka yake, taarifa zake za kila siku, na mazoea yake kwa wasikilizaji. Aisikiaye hutazama mawingu, huanua nafaka, hupandisha chombo pwani. Istilahi ya tahadhari humwambia mtu la kutenda, na ikitajwa mahali pasipofaa humtendesha lisilofaa, au humzoesha kutotenda lolote.

Mei 2024 inatoa mfano ulio wazi. Tarehe 4 kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Tarehe 10 na 11 dunia ilipatwa na dhoruba ya sumaku ya daraja la juu kabisa, ya kwanza ya daraja hilo tangu Oktoba 2003. Tarehe 12 mawasiliano ya intaneti yalizorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Chanzo kilikuwa kukatika kwa nyaya za baharini za EASSy na Seacom, wala si jua. Matukio matatu, yenye asili tatu, yalipita katika muda usiotimiza siku kumi. Msemaji ambaye lugha yake inayaweka mawili ya kwanza chini ya “hali ya hewa” hana chombo cha kuyatenganisha, na la tatu atalihusisha na lolote lililotangulia.

Kadhalika, “dhoruba ya jua” yataka kutazamwa upya. Katika Kiswahili “jua” ni nyota yenyewe, na pia ni joto na mwanga wake. Husemwa “jua kali”, na mtu “huchomwa na jua”. Mkulima akisikia “dhoruba ya jua” ana haki ya kufikiri juu ya ukame. “Dhoruba ya sumaku” yafaa zaidi, kwani hutaja kile kinachotikiswa.

Pendekezo linalotetewa hapa, basi, ni kwamba uwanja wenyewe uitwe “hali ya anga za juu”, neno “hewa” likiachwa; misukosuko ya uga sumaku iitwe “dhoruba ya sumaku”; na “tufani” na “kimbunga” yabaki kwa pepo za duniani. Pendekezo hili lina gharama. Nchini Kenya “hali ya anga” husikika kwa maana ya mvua na upepo, kwa hiyo maneno “za juu” yatabeba mzigo mkubwa, na hayana budi kufuatwa na maelezo mafupi kila tahadhari itolewapo. Hata hivyo, utata unaoondolewa kwa maelezo ni nafuu kuliko kosa lililomo ndani ya jina.

Kiswahili si kigeni katika uwanja huu. Setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi, ilipewa jina Uhuru. Jina la Kiswahili lilipanda, istilahi hazikuandamana nalo. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI, iliyotoka 1990, ilidhihirisha kwamba kazi ya namna hii yawezekana wanasayansi na wanaleksikografia wakiketi pamoja. Tangu Februari 2022 Kiswahili ni lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika. Hadhi hiyo itapimwa kwa swali dogo: mkutano kama ule wa Addis Ababa ukiitishwa tena, je, mkalimani wa Kiswahili atakuwa na maneno ya kusema?